Kompyuta ya Ukweni

Jumamosi, 11 Machi

Tumehamia ukweni. Sentensi hiyo nimeiandika, nikaikata, nikaiandika tena, maana mwanamume mzima mwenye ajira haandiki kitu kama hicho kwa raha. Paa la nyumba tuliyopanga limeng'oka upande wa chumbani. Mwenye nyumba anasema fundi hawezi kupanda juu mpaka mvua zipungue, na mke wangu amesema yeye chini ya turubai halali tena. Kwao kuna chumba kitupu. Basi, tukafunga mizigo.

Baba mkwe ametupokea vizuri mno, na hilo ndilo linalonibana. Ni mwalimu mstaafu, na tangu astaafu kazi yake ni kutunga chemshabongo ya gazeti la Jumamosi, ile ya viraba vyeupe na vyeusi. Meza yake iko kwenye kona ya chumba cha kulia, na juu yake kuna kompyuta kubwa ya zamani ambayo shemeji yangu, kaka yake mke wangu, aliiwekea mfumo wa Linux kabla hajahamia ughaibuni. Mzee hukaa hapo miwani ikiwa puani, akinong'ona maneno na kuyahesabia herufi kwa vidole. Watu wasiomjua humpigia simu kulalamika kwamba namba tisa imewatoa jasho, naye hukata simu akiwa amenenepa kwa furaha.

Mimi ananiita Injinia. Mwaka juzi niliitengeneza printa yake kwa kuizima na kuiwasha, na sikuona haja ya kumweleza kwamba nilifanya hilo tu. Kazi yangu ni karani katika bohari ya vigae. Kompyuta naitumia kuhesabu vigae.

Jumanne, 14 Machi

Mvua. Mama mkwe ameniongezea chakula mara mbili na mara zote mbili nimekula.

Jumapili, 19 Machi

Naandika hapa kwa sababu sina pa kusemea.

Asubuhi Baba alinionyesha kijisanduku kinachojitokeza kwenye kioo cha kompyuta kila akiiwasha, kikimwomba asasishe mfumo. "Kinanisumbua tangu mwaka jana," alisema. "Kijana wangu aliniambia nisikiguse mpaka awepo yeye. Wewe unaonaje, Injinia?"

Ningeweza kusema tumpigie shemeji. Badala yake nilisema, "Hii ni apdeti tu, Baba. Kitu kidogo sana." Nilisema hivyo nikiwa nimesimama na mkono mfukoni, kama daktari.

Akaweka nywila yake, akaniachia kiti, akaenda kinyozi. Mistari ikaanza kupita, asilimia zikapanda taratibu, nikakaa hapo nikijiona mtu wa maana ndani ya nyumba hii kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Soketi za sebuleni tumezizima kwa sababu ukuta unavuja, kwa hiyo iliyobaki ni ile ya chini ya meza.

Mama mkwe akatokea na pasi mkononi na gauni begani. Alikuwa anakwenda msibani na wenzake walikuwa tayari wanampigia honi getini. "Mwanangu, naomba hapo kidogo, nipige pasi mara moja."

Kioo kilikuwa kimeandika asilimia tisini na kitu. Maneno ya kusema nilikuwa nayo: Mama, subiri kidogo, nikichomoa sasa itaharibika. Mtoto wa shule angeyasema. Lakini nilimtazama mama mkwe amesimama na gauni lake, mimi nimekalia kiti ndani ya nyumba yake, nikila chakula chake, paa langu likiwa nusu, na mdomo ukajifungua wenyewe: "Hamna shida, Mama." Nikainama nikachomoa waya.

Alipiga pasi, akanishukuru, akaenda zake. Nikachomeka tena na kuiwasha. Maandishi meupe yakashuka kwenye weusi mpaka yakakwama, na ya mwisho yakasema kwamba kiini cha mfumo kimeingiwa na taharuki na hakiwezi kuendelea. Nikazima. Nikawasha. Ikasema vilevile. Nikazima, nikafunika kwa kile kitambaa chake, nikaenda kujilaza kama mtu mwenye homa.

Baba aliporudi aliuliza, "Vipi, ilimaliza?"

Nikasema, "Ilimaliza, Baba."

Jumatatu, 20 Machi

Nimetoka kwenda kazini kabla Baba hajaamka. Bohari ilikuwa bado imefungwa.

Jumanne, 21 Machi

Nilitegemea leo atanikaripia. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, hata nilikuwa na maneno. Hakunikaripia.

Wakati wa chakula cha jioni Baba aliweka kijiko chini na kusema, akiongea na sahani yake kuliko nasi, "Nadhani nimeharibu kompyuta. Jana niliiwasha, ikaandika mambo yasiyoeleweka, nikabonyeza kitufe hiki na kile. Tangu hapo haifanyi chochote. Injinia aliiacha nzima, mimi nimeivuruga."

"Ulibonyeza nini?" aliuliza Mama.

"Ndilo ninalojaribu kukumbuka."

Mke wangu akamshika mkono. Nafasi ilikuwa pale mezani, imepakuliwa, na kila mtu alikuwa amenigeukia kwa sababu mimi ndiye fundi. Nikasema, "Nitaiangalia, Baba, usijali." Baba akaniambia ahsante sana, mwanangu. Natamani angenitukana.

Jumatano, 22 Machi

Leo ni siku ya kupeleka chemshabongo gazetini. Baba amechora viraba kwa rula na penseli tangu asubuhi. Mke wangu ameipiga picha kwa simu na kuituma. Kwenye kompyuta, namba za viraba zinajipanga zenyewe. Kwa mkono anazipanga yeye.

Alhamisi, 23 Machi

Mvua. Nimesoma kwenye simu, nikiwa chooni kazini, habari za watu waliokatiza sasisho katikati. Wako wengi dunia nzima. Wengi wao walikatikiwa na umeme. Sijaona aliyekatiza kwa ajili ya pasi.

Jumamosi, 25 Machi

Gazeti limetoka na chemshabongo yenye namba kumi na nne mara mbili. Kuanzia pale vidokezo vyote vimehama kiraba. Simu ya Baba imelia tangu saa tatu asubuhi na kila mara amejibu vilevile: "Ni kosa langu, samahani." Mhariri naye amepiga. Alikuwa mpole, na Baba alipokata simu alisema, "Ameongea na mimi kama anavyoongea mtu na mgonjwa."

Jioni shemeji akapiga kwa video kutoka huko aliko. Mama alimsimulia yote: kompyuta, vitufe, namba kumi na nne. Kumbe na jiko Baba aliliacha linawaka juzi. Jiko hilo mimi mwenyewe nimeliacha linawaka mara mbili tangu tuje, ila langu halihesabiwi.

"Baba anazeeka," shemeji alisema. "Tuanze kuliangalia hilo."

Baba alikuwa amekaa palepale. Shemeji hakujua, maana kwenye kioo chake Baba alionekana bega tu.

Jumapili, 26 Machi

Siku nzima na ile mashine. Nieleze vizuri, walau hapa.

Nilichosoma ni hiki. Linux ikisasishwa huweka kiini kipya bila kufuta cha zamani. Changu kipya kilikuwa nusu, lakini cha zamani lazima kingekuwepo. Ukishikilia kitufe fulani wakati inawaka unaletewa orodha, unachagua cha zamani, mfumo unaamka. Nilijaribu nikakosa, nikajaribu tena, kidole kikafa ganzi. Hatimaye orodha ikaja. Nikachagua. Ikaamka mpaka kwenye kioo cheusi kinachotaka jina na nywila.

Nywila ilikuwa ya Baba. Nilimwita. Familia nzima ikaja nyuma yake, kama watu wanaokwenda kuangalia gari lililopata ajali. Baba akakaa kitini, na mimi, kwa adabu, nikageuka nikatazama ukuta. Huwezi kusimama ukitazama vidole vya baba mkwe wako anapoandika siri yake. Akaandika. Ikakataa. Akaandika tena, polepole. Ikakataa. Linux haionyeshi hata nukta unapoandika nywila, kwa hiyo hakuna aliyejua nini kimeingia na nini hakikuingia.

"Labda umesahau," alisema Mama.

"Nimeitumia miaka yote."

"Ni ipi? Tuambie tu."

Akasema bila kutugeukia, "Ni jina lako na mwaka tuliooana."

Mama akacheka kwa aibu, akataja mwaka. Baba akataja mwingine. Wakabishana, kwa utani mwanzoni. Nikakalia kiti nikajaribu mwaka wa Mama, nikajaribu wa Baba, kwa vitufe vile vya namba vya pembeni anavyovitumia yeye. Yote ikakataa. Nilipogeuka, utani ulikuwa umekwisha. Baba alikuwa ametoa leso anajifuta paji la uso. "Mwaka wa ndoa yangu," alisema, na akaondoka taratibu akishika viti njiani.

Wote walipotawanyika nilibaki nimekodolea kibao cha herufi, na ndipo nilipoona. Kuna kitaa kidogo cha kijani juu ya zile namba za pembeni. Kilikuwa kimezimika. Mfumo ulipoamka kwa njia ya dharura haukuwasha namba za pembeni, kwa hiyo kila tulipobonyeza namba haikuingia kitu. Nisingegeukia ukuta ningeona mapema. Nikaandika jina la mama mkwe, nikaweka mwaka wa Baba kwa namba za juu. Ikafunguka.

Mwaka wa Baba ndio uliokuwa sahihi.

Nikaandika amri ya kumalizia kazi iliyokatizwa, mistari ikapita, nikaizima na kuiwasha kawaida, na kompyuta ikaamka na picha yake ya milima kama haikuwahi kufa. Mafumbo yake yote yamo. Mke wangu akapiga makofi. Mama akaita, "Baba, Injinia amefaulu, njoo uone." Akaja. Akaniuliza, "Nywila ilikuwa ipi?"

Nikasema, "Nimepita njia nyingine, Baba."

Najua kwa nini nilisema hivyo. Akiwa sahihi kwenye nywila, ataanza kujiuliza ni wapi pengine alikuwa sahihi, na huko pengine nipo mimi. Naandika hili na mikono inanuka woga.

Jumanne, 28 Machi

Kompyuta ni nzima. Baba haigusi. Anasema, "Wewe iwashe, mimi nitaivuruga."

Alhamisi, 30 Machi

Mvua kubwa, barabara ya kazini imejaa maji. Chemshabongo ya jana ilikwenda kwa mkono tena. Ameikagua mpaka karatasi imetoboka kwa kifutio.

Jumapili, 2 Aprili

Shemeji ameagiza Baba asiendeshe gari mpaka aonwe na daktari. Nilidhani Baba atapinga. Aliinuka mwenyewe, akaleta funguo, akaziweka mbele ya Mama. "Afadhali kabla sijamgonga mtu," alisema. Mama akazitia kwenye mkoba na kwenda jikoni, na nikamsikia akifungua maji ya bomba kwa muda mrefu bila kuosha kitu.

Zamani nilikuwa namwona Baba mtu wa majivuno kidogo, na herufi zake. Sasa namwona akisimama mlangoni akijipapasa mifuko yote kabla ya kutoka, halafu anarudi kukaa, na ninajua nani aliyemfundisha hivyo.

Jumatano, 5 Aprili

Ameniita mezani baada ya chai. "Kaa hapo, Injinia, nikutajie uandike. Mkono wangu siuamini."

Ilikuwa barua pepe ya kwenda kwa mhariri. Alinitajia polepole kama anavyowatajia wanafunzi imla, mpaka vituo. Kwamba anashukuru kwa miaka yote. Kwamba umri una haki yake. Kwamba msomaji anayelipia gazeti anastahili mtunzi ambaye kichwa chake bado kinakaa mahali pake. Kwamba huu ni mwisho.

Nikasema, "Baba, tungesubiri kidogo."

"Tusubiri nini? Nisahau na majina yenu? Tuma."

Nikatuma. Kidole hikihiki kilichochomoa waya, na kwa sababu ileile: mkwe amesema. Baba akanipigapiga bega na kwenda kumwagilia maua, huku mvua inanyesha.

Alhamisi, 6 Aprili

Nimemwambia mke wangu. Tulikuwa tunafagia maji barazani, yeye na ufagio, mimi na ndoo, na nikayasema yote kwa mkupuo, pasi, waya, kitaa cha kijani, njia nyingine. Aliendelea kufagia mpaka akamaliza baraza lote.

"Unaniamini?" nikauliza.

"Nakuamini kabisa. Ndiyo maana leo sitaki kukuona." Kisha akasema, "Jumapili, mezani, mbele ya wote. Na shemeji yako atakuwa kwenye simu. Usipoyasema wewe, nayasema mimi, halafu ulale kwenye hilo paa lako."

Ijumaa, 7 Aprili

Mvua imepumzika. Sijala.

Jumapili, 9 Aprili

Nimeyasema.

Mke wangu aliiegemeza simu kwenye jagi la maji ili shemeji aone meza yote. Nikasema, "Baba, kompyuta hukuiharibu wewe. Niliiharibu mimi. Nilichomoa waya apdeti ikiwa katikati."

Baba akauliza kwa utaratibu wake wa kidarasa, "Kwa nini mtu anayejua kompyuta achomoe waya katikati?"

Hapo ndipo palikuwa na neno moja tu la kusema. Mama mkwe alikuwa amekaa upande wangu wa kulia, ameshika upawa, ananitazama kwa huruma. Ningesema pasi, ningekuwa nimesema Mama. Nimtaje mama mkwe mbele ya mume wake na watoto wake, mezani kwake, kwamba shida yote ya nyumba hii imeanzia kwenye gauni lake? Nikasema, "Sijui. Nilipitiwa tu."

Nilijisikia mwenyewe jinsi lilivyotoka jepesi.

"Na nywila ilikuwa sahihi," nikaendelea, nikiwa tayari nazama. "Mwaka wako ndio uliokuwa sahihi. Namba za pembeni zilikuwa zimezimwa."

"Siku ile ulisema umepita njia nyingine."

"Nilidanganya, Baba."

Baba akatabasamu. Sijawahi kuona tabasamu la upole kiasi kile, na sitaki kuliona tena. "Siku ile hukudanganya," alisema. "Unadanganya leo." Akamgeukia mke wangu. "Umepata mume mwenye adabu. Anabeba makosa ya mzee ili mzee asitahayari."

Kwenye simu shemeji akasema, "Ahsante, shemeji." Mama akaniongezea chakula. Mke wangu akapiga meza, akasema, "Baba, ni kweli, alichomoa ili Mama apige pasi, kaniambia mwenyewe." Mama akajaribu kukumbuka, akasema misiba imekuwa mingi masika haya na kila mara anapiga pasi, pengine ndiyo, pengine siyo. Baba akacheka kidogo, akamwambia mwanawe, "Na wewe kakufundisha maneno. Mmenipenda, nimeona. Sasa tuleni."

Natamani ardhi ingepasuka. Haikupasuka, na ikabidi nile.

Jumanne, 11 Aprili

Daktari amempima Baba kumbukumbu na kusema ni nzuri kwa umri wake. Baba ametusimulia njiani kwamba daktari naye ni kijana mwenye adabu.

Alhamisi, 13 Aprili

Fundi amemaliza paa. Tunahama Jumapili. Nimemwomba Mama arudishe funguo za gari, akasema daktari hakukataza, ni mwenyewe anayekataa kuzipokea. Nimempigia mhariri pia, nikamweleza kwamba tatizo lilianzia kwangu. Amesema ameshamwajiri mtu mwingine, na kwamba amefurahi kuona mzee ana watu wanaomjali.

Jumamosi, 15 Aprili

Asubuhi jua limetoka. Gazeti limekuja na chemshabongo ya mtunzi mpya.

Baba alilikunjua mezani, akachukua kalamu ya wino, si penseli, akaanza. Nilikuwa nafunga sanduku la vyombo mbele yake. Aliandika kama mtu anayejaza jina lake mwenyewe, kulia, chini, kulia, chini, bila kuinua kichwa, na chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke alipofunga kalamu. Nikasimama bila kufanya kitu. Nikafikiri: ameona sasa. Mwenyewe ameona.

Akalisukuma gazeti upande wangu. "Hebu nikagulie, Injinia. Nisije nikawa nimejaza upuuzi."

Nikakagua kiraba kwa kiraba. Nilichukua muda mrefu kuliko alioutumia yeye, nikarudia tangu mwanzo nitafute hata herufi moja, kwa sababu kama ningeipata, pengine angeniamini kwa zilizobaki. Sikuipata.

"Yote ni sahihi, Baba," nikasema. "Hakuna kosa hata moja."

Akaniangalia kwa lile tabasamu lake jipya. "Ahsante, mwanangu," alisema, akachukua gazeti na kwenda kumwonyesha Mama, ili naye alikague.